Jina la Yesu si Hirizi

 

Kila mwaka ifikapo tarehe 29 Septemba, Kanisa letu la Anglikana huadhimisha Sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli na Malaika Wote. Katika makanisa mengi siku hiyo hupita kimya, hasa ikiangukia siku ya kazi. Lakini mambo ambayo sikukuu hiyo hutukumbusha hayapiti kimya katika nyumba zetu. Habari za malaika, za pepo, za majini na za wachawi huzungumzwa jikoni, sokoni, ndani ya matatu na matangani. Mtu akiugua ghafula, au biashara ikianguka, au binti akikawia kuolewa, mara nyingi watu hawaulizi, "Ni nini?" Huuliza, "Ni nani?"

Basi leo twapenda kueleza mambo matatu: malaika ni nani, pepo ni nani, na Kristo ana mamlaka gani juu yao wote. Tukiisha kueleza hayo, tutauliza swali moja ambalo Wakristo wengi hulificha: ikiwa Kristo ameshinda, mbona katika baadhi ya nyumba zetu Biblia iko juu ya meza na hirizi iko chini ya godoro?

MALAIKA NI WAJUMBE

Neno "malaika" limetufikia kutoka Kiarabu, nalo ni jamaa ya neno la Kiebrania linalotumika katika Agano la Kale. Maana ya neno hilo la Kiebrania, na ya neno la Kiyunani la Agano Jipya, ni moja: mjumbe. Jambo hilo peke yake latufundisha mengi. Mjumbe hana habari yake mwenyewe. Gabrieli alipomwendea Mariamu kule Nazareti hakuja kujitangaza, bali alileta neno la yule aliyemtuma, kisha akaenda zake. Waraka kwa Waebrania, sura ya kwanza, watuonyesha kwamba malaika ni watumishi, na kazi yao ni kuwasaidia wale ambao Mungu anawaokoa. Tena katika Biblia tunayoisoma makanisani mwetu, malaika watakatifu waliotajwa kwa majina ni wawili tu, Mikaeli na Gabrieli. Mungu hakuona haja ya kutupa orodha ya majina yao, kwa maana hakutaka tuwaite.

Lakini watu tangu zamani wametaka kuwaita. Katika nchi ambayo leo ni Uturuki palikuwa na mji uitwao Kolosai, katika bonde la mto Lycus. Baadhi ya watu wa huko walifundisha kwamba haitoshi kuwa na Kristo, bali yafaa pia kuwaheshimu malaika kwa ibada. Paulo aliwaonya Wakolosai juu ya jambo hilo katika sura ya pili ya waraka wake. Hata hivyo ugonjwa huo ulidumu. Miaka mia tatu hivi baadaye, katika karne ya nne, viongozi wa Kanisa walikutana Laodikia, mji jirani wa Kolosai, na katika kanuni yao ya 35 ikawabidi kuwakataza Wakristo wasiliache Kanisa la Mungu na kwenda kuwaita malaika. Wakaliita jambo hilo ibada ya sanamu iliyofichwa.

Kwa nini watu walifanya hivyo? Walidhani Mungu yu mbali, na kwamba mtu mdogo hana budi kupitia kwa wakubwa wengi kabla ya kumfikia. Nasi twalijua wazo hilo. Mtu akienda ofisini huanza kwa mlinzi wa lango, halafu karani, halafu msaidizi wa mkubwa, na penginepo kila mmoja atataka chai. Lakini Paulo awajibu Wakolosai kwamba hao wenye enzi na mamlaka, waonekanao na wasioonekana, wote waliumbwa kwa Kristo na kwa ajili yake. Sasa, mtu aliyekaribishwa mezani na mwenye nyumba, ana haja gani ya kumhonga mlinzi wa lango? Hata malaika wenyewe hawalitaki jambo hilo. Katika sura ya mwisho ya Ufunuo, Yohana alipoanguka miguuni pa malaika ili amsujudie, malaika alimkataza mara moja, akamwambia amsujudie Mungu.

PEPO WAPO, LAKINI SI KILA JAMBO NI PEPO

Biblia haifichi kwamba wako pia roho walioasi. Shetani yuko, na pepo wachafu wako. Wako wasomi wanaocheka wakisikia hivyo, lakini sisi tuliosoma Injili hatuwezi kucheka, kwa maana Bwana wetu hakucheka. Alikutana nao, akawakemea, akawafungua watu waliokuwa wameonewa.

Lakini liko kosa la pili, nalo ni kuona pepo nyuma ya kila homa na kila deni. Tazameni Mathayo sura ya 4, mstari wa 24. Watu walimletea Yesu wagonjwa wa namna nyingi, na mwandishi awataja mbali mbali: wenye pepo, wenye kifafa, wenye kupooza. Hawachanganyi pamoja kana kwamba wote wana shida moja. Ni kweli kwamba katika Marko sura ya 9 twasoma habari za kijana aliyeangushwa chini na pepo, na dalili zake zafanana na kifafa. Lakini Bwana aliyemtambua pepo katika kijana yule ndiye yule aliyeponya wenye kifafa wengine kama wagonjwa. Basi Maandiko hayatupi ruhusa ya kusema kwamba kila mwenye kifafa ana pepo.

Twalisema jambo hili kwa sababu linagusa uhai wa watoto. Huko pwani wako wazazi ambao mtoto akipata homa kali, akakaza mwili na kugeuza macho, husema ameingiwa na nyuni, au kwamba ni degedege, na kwamba hospitali haiwezi kitu. Hupelekwa kwa mganga kufukizwa na kufungwa hirizi mkononi. Wengine hupelekwa kwenye maombi ya usiku kucha, na daktari hangojwi wala hatafutwi. Lakini mara nyingi mtoto huyo ana malaria iliyopanda kichwani, na kila saa inayopotea ni hatari kwake. Ndugu wazazi, mtoto akishikwa hivyo, mbebeni mkimbie hospitali, nanyi mwombe njiani. Mungu anayesikia maombi ndiye aliyeumba akili za daktari na miti inayotoa dawa. Kwenda hospitali si kukosa imani.

KRISTO HAKUTUMIA PETE WALA MZIZI

Sasa tuje kwa Bwana wetu mwenyewe. Katika siku zake walikuwako watu wengi waliotoa pepo. Josephus, mwandishi wa Kiyahudi wa karne ya kwanza, asimulia habari za Myahudi mmoja, Eleazari, aliyefanya kazi hiyo mbele ya jemadari Vespasian. Alimwekea mgonjwa puani pete yenye mzizi ndani yake, akalitaja jina la Sulemani, akasoma maneno ya siri yaliyosemekana kuwa yametungwa na mfalme huyo. Pete, mzizi, jina kubwa na maneno ya siri! Waganga wa leo wangemtambua Eleazari kuwa mwenzao.

Linganisheni na habari za Kapernaumu katika Marko sura ya kwanza. Siku ya sabato, ibada ikiendelea, mtu mwenye pepo mchafu alipaza sauti ndani ya sinagogi. Yesu hakutafuta mzizi. Hakuuliza ni nani aliyemroga. Hakudai kuku mweusi wala sadaka ya pekee. Alisema maneno machache tu, na pepo akatoka. Watu wakashangaa, nao hawakushangaa kwamba pepo ametoka, maana hayo waliwahi kuyaona. Walishangaa mamlaka yake. Wengine waliazima nguvu kutoka kwa kitu fulani, yeye aliamuru kama bwana aamuruvyo katika nyumba yake.

Tena ushindi wake mkubwa haukuwa Kapernaumu, bali msalabani. Paulo asema katika Wakolosai sura ya 2 kwamba pale Kristo aliwanyang'anya silaha wenye enzi na mamlaka, akawaaibisha hadharani. Warumi waliijua picha hiyo. Jemadari aliyeshinda vita aliingia mjini Rumi kwa maandamano, na maadui aliowateka walipitishwa mbele ya watu wakiwa wamefungwa. Mwaka 46 kabla ya Kristo, Julius Caesar alimpitisha hivyo Vercingetorix, mkuu wa Wagalli, ambaye hapo nyuma alikuwa amewatia Warumi hofu kubwa. Siku hiyo hata mtoto mdogo kando ya njia angeweza kumtazama bila kuogopa.

Lakini msalaba uliwanyang'anyaje silaha? Paulo aeleza katika mstari uliotangulia: hati ya deni letu iliondolewa. Silaha ya Ibilisi ni mashtaka. Yeye hutushika kwa hatia yetu na kwa hofu yetu ya mauti. Mdai mwenye hati aweza kuleta madalali mlangoni pako wakabeba hata kitanda. Lakini deni likiisha kulipwa na hati ikiisha kufutwa, apige kelele apendavyo, hana la kubeba. Ndiyo sababu mtu aliyesamehewa dhambi hana haja ya kuogopa jicho la jirani.

Labda msikilizaji mmoja auliza, "Mbona niliomba, na mtoto wangu bado ni mgonjwa? Je, Kristo ameshindwa?" Swali hilo ni zito, wala hatutalijibu kwa wepesi. Biblia haijasema kwamba Mkristo hatateseka. Paulo mwenyewe alikuwa na mwiba mwilini, naye auita mjumbe wa Shetani, katika 2 Wakorintho sura ya 12. Aliomba mara tatu uondolewe, haukuondolewa. Alipewa neema ya kuustahimili. Je, Paulo alitafuta msaada mahali pengine? La. Adui aliyenyang'anywa silaha bado aweza kuumiza, lakini hawezi kututoa katika mkono wa Bwana. Hirizi haiwezi kutupa hata hilo la kwanza, na la pili haina habari nalo.

YALIYOTOKEA EFESO

Sasa twalirudia lile swali la hirizi chini ya godoro. Si swali jipya. Efeso ulikuwa mji mkubwa wenye hekalu la Artemi, moja ya maajabu saba ya dunia ya kale. Ulisifika pia kwa uganga, hata maneno fulani ya uchawi yaliitwa katika nchi nyingi "herufi za Efeso", na watu waliyavaa kama kinga. Katika Matendo sura ya 19 twasoma mambo mawili yaliyotokea huko.

La kwanza ni habari za wana saba wa Skewa. Hao walikuwa watoa pepo waliozunguka mji hata mji. Waliona jina la Yesu lina nguvu, nao wakalichukua waliongeze katika mkoba wao wa dawa. Walimwamuru pepo kwa jina la yule Yesu ambaye Paulo anamhubiri. Pepo akawajibu kwamba Yesu anamjua na Paulo anamfahamu, lakini wao hawajui. Wakakimbia uchi, wamejeruhiwa.

Mfano wake ni huu. Mtoto atumwa na baba yake dukani kuchukua unga kwa mkopo. Asema, "Baba amesema utupe pakiti mbili." Mwenye duka ampa bila neno, aandika katika daftari. Akija mpita njia na kusema maneno yale yale, hapewi hata kibiriti. Maneno ni yale yale, na jina ni lile lile, lakini huyu si wa nyumba ile. Jina la Yesu si sauti yenye nguvu ndani yake, ambayo tukiipiga kwa kelele nyingi pepo watatishika. Ni jina la mtu aliye hai, na mamlaka yake huonekana kwa wale walio wake.

La pili lafaa litupe mawazo zaidi. Baada ya mambo hayo watu wengi walileta vitabu vyao vya uganga, wakavichoma moto mbele ya wote. Thamani yake ilihesabiwa kuwa vipande 50,000 vya fedha. Ikiwa kipande kimoja kilikuwa mshahara wa kutwa kwa kibarua, kama wengi wanavyoeleza, basi kibarua mmoja angefanya kazi kila siku zaidi ya miaka 130 ili apate fedha hizo. Wangeweza kuviuza, lakini hawakutaka kumpa mwingine kifungo ambacho wao wamefunguliwa. Tena angalieni ni nani waliokuja kukiri: Luka asema walikuwa miongoni mwa wale waliokwisha kuamini! Walikuwa wakija ibadani, na vitabu vingali nyumbani.

UGANGA UNAOVAA KANZU

Wapenzi, siku hizi hirizi nyingine hazishonwi kwa ngozi. Ziko katika chupa ya mafuta, katika kitambaa, katika maji yaliyoombewa, na huuzwa kwa bei. Twasikia mtu akiambiwa kwamba laana ya ukoo wake haitavunjika mpaka atume mbegu ya kiasi fulani kwa simu. Asipopona aambiwa imani yake ni ndogo, atume tena. Hatuhukumu maombi ya kweli ya kuwafungua watu. Kanisa limeyafanya tangu mwanzo, nasi twayafanya, lakini kwa utaratibu. Mwaka 1604 kanuni za Kanisa la Uingereza, ambalo sisi Waanglikana tumetoka kwake, zilimkataza mchungaji kujitwalia kazi ya kutoa pepo bila kibali cha askofu wake, kwa sababu watu walikuwa wakidanganywa.

Kwa hiyo, mtu akitaka kukuombea, jiulize: Je, anakuelekeza kwa Kristo, au kwake mwenyewe? Ukitoka kwake, hofu yako imepungua, au imeongezeka? Je, anataka fedha? Kristo hakumtoza mtu yeyote. Na je, anakutajia jirani au jamaa kuwa ndiye adui yako?

Swali hilo la mwisho lina damu ndani yake. Mwezi wa Mei mwaka 2008, huko Kisii, watu 11 waliuawa kwa kuchomwa moto wakidhaniwa kuwa wachawi, na wengi wao walikuwa akina mama wazee. Huko Kilifi nako wazee wameuawa kwa neno hilo hilo, wengine kwa shauri la watoto wao wenyewe, na mara nyingi nyuma ya neno "mchawi" pana shamba ambalo mzee hajaligawa. Paulo aliwaandikia hao hao Waefeso, katika sura ya 6, kwamba vita vyetu si juu ya wanadamu. Basi nyanya yako mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni si adui yako. Mtu anayesema anapigana na Shetani, naye anamchukia mama yake mzazi, amekwisha kutekwa na yule anayesema anapigana naye. Kijijini kwenu mzee akianza kunong'onwa, Wakristo wawe wa kwanza kwenda kuketi naye mlangoni pake, mchana, watu wakiona. Tena mwarifuni chifu mapema, kabla neno halijawa moto.

TUFANYE NINI BASI?

Aliye na hirizi asiibadilishe kwa chupa ya mafuta. Amwendee mchungaji wake au wazee wa kanisa, akiri, aiteketeze mbele yao, nao wamwombee. Asiogope kwamba kitu hicho kitamrudia. Aliyemwogopa mganga miaka mingi huenda asilale usingizi usiku ule wa kwanza, kwa hiyo ndugu wa kanisa wasimwache peke yake. Waende wakalale kwake, waimbe, wasome Zaburi.

Tena tukumbuke kiapo chetu. Siku ya ubatizo, sisi au wadhamini wetu kwa niaba yetu, tulimkataa Ibilisi na mambo yake mbele ya kusanyiko. Hatukumkataa kwa nusu. Mke hawezi kumwambia mumewe, "Nimekuchagua wewe, lakini huyu mwingine nimemweka akiba."

Wala tusifurahie mambo haya kupita kiasi. Kuna mikesha ambayo Shetani hutajwa mara nyingi kuliko Bwana, akitukanwa mpaka asubuhi. Waraka wa Yuda watukumbusha kwamba Mikaeli mwenyewe, malaika mkuu, aliposhindana na Ibilisi hakuthubutu kumtukana, alimwachia Bwana kumkemea. Na wale wanafunzi sabini waliporudi kwa furaha, wakisema hata pepo wanawatii, Yesu aliwaambia, katika Luka sura ya 10, wasifurahie hilo, bali wafurahi kwamba majina yao yameandikwa mbinguni. Mganga akiwa na jina lako katika daftari lake, utamlipa mwaka hata mwaka. Yesu akiwa na jina lako, deni limelipwa.

Tuombe.

Ee Bwana Yesu Kristo, uliye juu ya malaika wote na mamlaka yote, twakushukuru kwa kuwa umetulipia deni letu. Watazame wanaokusikia usiku huu wakiwa na hofu. Wape ujasiri wale walioficha kitu nyumbani, wakitoe. Walinde watoto wagonjwa, na waongoze wanaowatibu. Wafunike wazee wetu wanaosingiziwa, na uwalainishe mioyo wanaowawazia mabaya. Tutumie malaika zako kama upendavyo, nasi tukutumikie wewe peke yako. Amina.